Ng'ombe wa Bhoke Wapo Zizini

Machi 2, 2025

Dada Bhoke, naanza leo, na nimejiapiza kukuandikia kila kitu cha hapa nyumbani mpaka masika yakatike: mazuri, mabaya, na yale ambayo Mama angesema hayaandikwi. Simu yako siku hizi anaipokea shemeji Waitara, na wewe ukipewa unaongea kama mtu anayesoma tangazo. Kwa hiyo nitaandika humu, halafu nitatafuta mtu wa kukufikishia mkononi.

Umeondoka leo asubuhi. Ulikaa siku chache ukipepeta ulezi na Mama, na hukusema kilichokuleta. Baba naye hakuuliza. Jana jioni alisema tu, akiangalia moto, "Ng'ombe wapo zizini wote. Mimi sijala ng'ombe wa mtu." Nilidhani anakupa moyo kwamba mahari yako imetunzwa vizuri. Wewe ukainuka ukaenda kupanga nguo.

Mvua ya kwanza imenyesha baada ya gari lako la Genkuru kuondoka. Tukiwa kanisani udongo ukanukia mpaka ndani, na mhubiri akanyamaza kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake.

Machi 5

Tumepanda mahindi ya shamba la juu. Viatu vya shule vimelowa.

Machi 9

Leo Kaka Machage ameniita kwenye kibanda chake cha kutuma na kutoa pesa. Alisubiri wateja waishe, akafunga nusu ya dirisha.

"Rhobi, wewe ndiye mwenye Kiingereza. Kaa hapa unisomee."

Ameuza lile dume lake, lile alilonunua kwa jasho lake mwenyewe, si ng'ombe wako. Rafiki yake Athanas wa Sirari akambadilishia fedha zikawa dola za mtandaoni, na sasa anafanya biashara ya sarafu za kidijitali kwenye simu. Wenyewe wanaiita fyucha. Hainunui sarafu yenyewe. Anaweka fedha kidogo iwe dhamana, halafu anashika biashara kubwa mara kumi ya dhamana ile, akitegemea bei itapanda. Ikipanda hata kidogo, faida anayohesabiwa ni ya ile biashara kubwa.

"Na ikishuka?" nikamuuliza.

"Masika haya haishuki, mdogo wangu. Angalia mwenyewe."

Kana kwamba bei nayo inanyeshewa.

Kwenye kioo kuna mistari mitatu. Wa juu ni salio lote. Wa pili ni dhamana iliyofungwa. Wa tatu ni kiasi kinachopatikana, yaani kile anachoweza kukitoa au kukitumia sasa hivi. Wa tatu ulikuwa mdogo sana. Nikamwonyesha. Akaufunika kwa kidole gumba pamoja na ule wa pili, ukabaki wa juu peke yake.

"Huu ndio wangu," akasema. "Hiyo mingine ni maneno ya Wazungu."

Tarakimu zilikuwa za kijani na zilikuwa zinapumua, zinaongezeka na kupungua huku tukizitazama. Sitakuficha, Dada, nilizipenda. Kaka amesema nikifaulu kidato cha nne mwakani atanipeleka shule yenye maabara, si ile ya kwetu ambapo tunachora mizani ubaoni na kuambiwa tuifikirie. Nimerudi nyumbani polepole ili nisiharibu nilichokuwa nawaza.

Machi 10

Nimeota ng'ombe wa kijani wakitembea kwenye ukungu bila kukanyaga majani. Nilikuwa nawahesabu na kila nikifika mwisho walikuwa wameongezeka. Mama ameniamsha mara mbili.

Machi 16

Mzee Nyangwine, baba yake Tabitha, amekuja na ndugu zake wawili. Wamekula, wamekunywa, wameongea habari za watu wengine kwa muda mrefu, halafu ndipo wakaingia kwenye yao. Unajua mwenyewe mlivyopangwa wewe na Machage tangu mkiwa wadogo: ng'ombe waliokuja kwa ajili yako ndio atakaotoa kwa ajili ya mke wake. Mzee Nyangwine aliomba kwenda kuwaona. Akawazunguka zizini na fimbo yake, akamgusa yule mtamba mwekundu mwenye baka usoni, akasema, "Huyu anajua anakokwenda."

Kisha Kaka, bila kuulizwa na mtu, akasema ataongeza na pikipiki juu ya ng'ombe.

Baba akamtazama. "Pikipiki umeitoa wapi, mura?"

"Ipo kwenye simu, Tata."

Wageni walicheka. Mmoja akamwambia aichaji simu vizuri, pikipiki isije ikaishiwa mafuta. Kaka naye akacheka. Tabitha hakuwepo, lakini nimemwona jioni kisimani na alikuwa ameshasikia. Aliniuliza rangi ya pikipiki.

Machi 21

Nimejifunza kitu. Kaka alitaka kutoa fedha kidogo alipe kodi ya kibanda, na app ikamkatalia.

"Salio hilo hapo linaniangalia. Mbona halitoki?"

Nikasoma. Kumbe juzi aliweka oda ya kununua zaidi endapo bei itashuka mpaka kiwango fulani. Bei haijafika huko, kwa hiyo hajanunua chochote. Lakini dhamana ya oda ile ilishatengwa tangu siku aliyoiweka.

"Hawajanipa kitu, na wameshanishikia hela?"

"Umesema utanunua, Kaka. Wamekushikia ahadi yako."

"Kwa kusema tu?"

"Kwa kusema tu."

Akakaa akiangalia mvua inavyoteleza kwenye bati la jirani. "Hawa ni wabaya kuliko Nyangwine," akasema. Nilicheka, lakini nikiwa njiani nilimkumbuka yule mtamba mwekundu. Bado yumo zizini, bado tunamkatia majani, na bado Mama anasema "wetu". Ila kwa kuwa Kaka alishatoa neno, kuna sehemu yake imeshaondoka.

Machi 26

Mwalimu Lusekelo alikuwa anatufundisha habari za mikopo kwenye hesabu. Mwisho wa kipindi nikamfuata, nikamuuliza inawezekanaje mtu awe na mali na asiwe nayo. Mwalimu huyu ni wa Mbeya, anasema masika ya kwetu ni mvua za watoto. Akafuta ubao kwanza.

"Mimi nina shamba la chai kwetu, Rhobi. Likizo nikienda, nalipalilia. Nikikupeleka utaliona, utachuma majani. Lakini hati yake iko benki, nimeiweka rehani ya mkopo. Ukiniambia nikuuzie, sina cha kukuuzia. Shamba langu nalijua kwa mkono tu."

Alisema bila huzuni. Nimekaa na maneno yale siku nzima: kulijua kwa mkono tu.

Machi 30

Mvua mchana kutwa. Moshi haupandi, unakaa chini na sisi. Umepiga simu ukaongea na Mama. Alikuwa anajibu "ee, ee," halafu akaikata simu akaishikilia kifuani kama kifaranga. Nilimuuliza umesema nini. Akasema umeuliza kama tumepalilia.

Aprili 3

Tarakimu za Kaka zimekuwa nyekundu.

Aprili 4

Nyekundu. Ile oda yake imetimia, sasa biashara ni kubwa zaidi na bei bado inashuka.

Aprili 6

Nyekundu. Kiasi kinachopatikana kimebaki sifuri. Kaka ameacha kukifunika kwa kidole.

Aprili 7

Leo ni sikukuu ya Karume, hakuna shule. Naandika ikiwa bado mchana.

Tulikuwa wote nyumbani. Mama alikuwa anapukuchua maharage kibarazani, Baba anashona mkanda wa kiatu. Kaka akatoka kibandani amelowa, akakaa bila kubadilisha shati, akaeleza kwamba anahitaji kuuza mitamba wawili leo leo. Mnunuzi alikuwa ameshampigia na yuko njiani.

"Ng'ombe wa mahari," Baba akasema.

"Wanarudi, Tata. Si kula. Ni kuongeza dhamana tu. Bei ikipanda nanunua wengine wawili, na pikipiki juu."

Baba akanigeukia mimi. Sikutegemea. "Wewe ndiye unayemsomea. Nieleze hii kitu, pole pole, kama unamweleza bibi yako."

Kaka alinitazama, Dada. Hakuwa ananitisha, alikuwa ananiomba. Na mimi nilikuwa bado naitaka ile maabara.

Nikasema, "Baba, fedha ya Kaka ni kama ng'ombe waliogawanyika. Wengine amewafunga mlangoni mwa mtu ili aaminiwe kufanya biashara kubwa kuliko uwezo wake. Wengine wako huru, anaweza kuwachukua wakati wowote. Bei ikishuka, hasara inaanza kula wale walio huru. Hao wameisha jana. Sasa inakula waliofungwa. Ikifika mstari fulani, wenye app hawamuulizi. Wanaifunga biashara wenyewe, na karibu dhamana yote inakwenda na hasara."

"Akiongeza mitamba wawili?"

"Mstari unasogea mbali. Anapata kupumua."

"Anaweza kuwatoa tena kesho?"

"Hapana. Wataliwa na hasara au watafungwa pamoja na wengine, mpaka bei ipande."

Kaka akasema, "Itapanda."

"Inaweza kupanda," nikasema. Sikutaka kudanganya upande wowote.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeulizwa na nimejibu. Lakini nilikuwa naangalia zizini, ng'ombe wamesimama kwenye matope, mvuke unawatoka migongoni, na nikakuona ukipanga nguo siku ile. Nikaelewa maneno ya Baba ya jioni ile: ng'ombe wapo, ukitaka kurudi watarudishwa.

"Na hao mitamba nao hawako huru, Baba. Wamefungwa kwa ajili ya Bhoke. Akiondoka kwa Waitara, watu wa Waitara watawadai ng'ombe wao. Wakiwa hawapo, hana mahali pa kuja."

"Nani amekuambia Bhoke anaondoka?"

"Hakuna."

"Basi."

"Alikuja mwisho wa Februari, Baba. Alikuwa amekuja na nguo zake zote."

Kaka akainuka. "Sikieni mwanasheria wa ng'ombe. Dada yako ana nyumba ya bati na mume mwenye kazi mgodini, wewe unamtungia matatizo. Mimi ndiye niko kwenye moto hapa."

Ndipo Mama akaongea. Hakuinua kichwa, aliendelea kupukuchua. "Ng'ombe wangu mimi, kaka yangu aliwatoa kuolea mwaka uleule nilioolewa. Nilikwenda kwetu nikiwa na mimba yako, Machage. Wakanipa uji, wakanisindikiza mpaka mtoni."

Unaelewa, Dada, aliyekuwa anamkimbia ni Baba huyuhuyu aliyekaa pale na sindano mkononi. Nilisikia maganda ya maharage yakidondoka. Baba akaichomeka sindano kwenye mkanda.

"Sikujua," akasema.

"Hukuuliza."

Mnunuzi alifika na lori lake dogo. Baba akatoka kwenye mvua bila kofia, akamsalimia, akaongea naye kidogo langoni, na lori likageuza. Aliporudi hakumwangalia mtu. Alipita mpaka zizini akazichomoa na kuzirudisha zile nguzo za mlango moja moja, ingawa hakuna aliyekuwa amezigusa.

Aprili 8

Akaunti ya Kaka imeungua alfajiri. Hakuna aliyemgongea mlango kumjulisha. Aliamka akakuta biashara imefungwa, na mistari mitatu ikawa hivi: salio dogo lisilotosha hata kununua mbuzi, dhamana sifuri, na kinachopatikana ni hilohilo salio. Akanionyesha.

"Haya, msomi. Sasa yote ni yangu."

Akacheka, akaenda kufungua kibanda.

Aprili 11

Bei imepanda, Dada.

Imepanda siku chache tu baada ya biashara yake kufungwa. Athanas amempigia kutoka Sirari, simu ikiwa kwa sauti: "Bro, ungeshikilia kidogo tu ungekuwa sawa. Wenye waliongeza wako poa sana saa hii." Kaka akakata simu. Aliniangalia tu. Wale mitamba wawili wangemwokoa. Nimepiga hesabu mara tatu, na kila mara wanamwokoa.

Aprili 12

Sijalala vizuri. Nilikuwa nafikiri mtu akisema kweli, siku zinazofuata zitamuunga mkono.

Aprili 20

Pasaka. Tumekula kuku. Kaka alikaa na ng'ombe.

Aprili 27

Ukungu umekuja mpaka mlangoni, hatukuliona kanisa mpaka tulipoligusa. Nilimkuta Tabitha njiani. Hakuniuliza tena rangi ya pikipiki. Alisema, "Machage alikuwa ananichekesha. Siku hizi ananisalimia kama mwenyekiti wa kijiji." Kisha akaniambia baba yake ana mgeni mwingine kutoka Serengeti, mtu mwenye ng'ombe wanaoonekana. Alisema "wanaoonekana" kwa namna ambayo sikuweza kujua kama anataka au hataki. Mimi nimekaa mwaka mzima nikimwona Tabitha kama mahali ambapo ng'ombe wako wanakwenda. Leo nimeona ana kovu dogo kwenye kidevu na anapenda kutembea pembeni kabisa ya njia, kwenye majani yenye umande.

Mei 4

Kaka ameongea na mimi. Tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe kule bondeni, mvua nyembamba ile isiyolowesha haraka.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Si hela. Nilikuwa nalala na ile namba ya juu. Nikifumba macho naiona, nimeshajenga, nimeshaoa, wewe uko maabara na miwani. Kumbe nilikuwa nimelala na kitu kilichofungwa."

"Ningenyamaza ungekuwa nacho sasa."

"Ningekuwa nacho. Halafu ningeongeza, halafu ningefungwa mwezi wa sita." Akafunga mzigo wake. "Au nisingefungwa. Hilo ndilo linaloniamsha. Usiniombe msamaha, Rhobi, utanichosha. Nibebee tu hii kamba."

Nimeibeba. Mvua ilituleta mpaka nyumbani.

Mei 11

Baba ananishangaza. Jioni hizi anakaa kibarazani karibu na Mama, si kule kwenye kiti chake. Hawaongei. Leo alimuuliza kama anataka chumvi iongezwe kwenye mboga, naye Mama akafikiri kabla ya kujibu, kama swali kubwa.

Mei 15

Mahindi yamenipita kimo. Mwalimu Lusekelo amenirudishia mtihani, nimefanya vizuri, na ameandika pembeni, "Usikimbilie jibu."

Mei 18

Mzee Nyangwine alikuja leo. Safari hii hakula. Alisema masika yanaisha, watu wanamuuliza, na yeye anataka kujua kama wale ng'ombe wanakuja au hawaji. Kaka aliangalia chini. Baba akajibu, na nitayaandika maneno yake yalivyo:

"Wapo, Nyangwine, unawaona. Ila siwezi kukuambia ni wangu kuwatoa. Nipe mpaka Jumamosi. Kuna mtu sijamsikiliza."

Mzee akakamata fimbo yake, akasema hajawahi kusikia baba wa binti aliyeolewa akisema hivyo. Baba akasema hata yeye hajawahi.

Walipoondoka, Kaka alibaki amesimama langoni. Anampenda Tabitha, Dada. Nakuandikia na hilo kwa sababu niliapa kuandika kila kitu, si ili likuzuie.

Mei 21

Masika yamekatika. Leo jua limetoka mapema, na Nkende yetu yote imeanika nguo. Mama Happy anayeuza dagaa anakwenda mnada wa Genkuru kesho. Atalala huko, atarudi Ijumaa. Atakukuta kisimani, si nyumbani, na hatakuuliza kilichomo humu.

Nimesoma kurasa zote tangu mwanzo kabla ya kumpa. Tumegombana masika mazima juu ya ng'ombe wako. Kaka alisema wako salama kwenye simu, mimi nikasema wako salama zizini, Nyangwine akasema wako safarini, na Baba akawarudishia nguzo. Mimi nilijiona ndiye niliyekusemea. Lakini nilikuona tu ukipanga nguo, nikajaza mengine mwenyewe. Labda ulikuwa umekuja tu kupumzika. Labda unampenda Waitara kwa namna nisiyoijua, na mimi nimemkosesha Machage mke kwa ajili ya ndoto niliyoiota nikiwa macho.

Ukisema unabaki, ng'ombe watakwenda kwa Tabitha Jumamosi na nitawasindikiza mwenyewe. Ukisema unarudi, watarudi kwa Waitara, na kitanda chako bado kiko upande wa dirisha. Kaka amesema niandike kwamba yeye atasubiri. Amelisema mara moja tu na akatoka nje, lakini amelisema.

Andika chini ya hapa, hata neno moja, umpe Mama Happy Ijumaa asubuhi kabla hajapanda gari. Usinifikirie mimi, wala Kaka, wala Baba.

Dada Bhoke, wewe mwenyewe unataka nini?